Maradhi ya kuambukiza ya ngozi: Yapi utibu nyumbani, yapi ukimbilie hospitali



 Leo katika safu yetu tutazungumzia maradhi ya kuambukiza ya ngozi. Nitaanza na kisa, kwa sababu mwenye kisa ni mwalimu wangu wa madrasa, na yeye mwenyewe ameniruhusu nikiandike ili wengine wanufaike.

Ustadhi huyu ndiye aliyenifundisha kutawadha nikiwa na miaka saba. Alikuwa akitupitia mmoja mmoja penye birika, akituonyesha jinsi kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinavyopita katikati ya vidole vya miguu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, nikiwa tabibu katika kituo cha afya, aliletwa usiku kwa bajaji akiwa hajitambui vizuri. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi imekuwa nyeusi inayong'aa, na juu ya unyayo yametoka malengelenge yenye maji ya rangi ya damu. Tulipompima, sukari ilikuwa juu sana, naye hakuwahi kujua kuwa ana kisukari.

Alikuwa ameuguzwa nyumbani siku sita. Wapo waliosema amekanyaga kitu kibaya njiani. Alisomewa, akanywa kombe, akachuliwa mafuta. Tulimwanzishia dawa kwa njia ya mshipa na usiku uleule akapelekwa hospitali kubwa. Alipona, Alhamdulillah, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Kabla hajaondoka nilikagua unyayo wake kutafuta mahali vijidudu vilipoingilia. Nilipaona kati ya kidole cha nne na cha tano. Ngozi ilikuwa nyeupe, imelowana, na ina ufa usiozidi urefu wa punje ya mchele. Ilikuwa fangasi ya kawaida ya vidole. Wanawe wakanieleza kuwa mzee alikuwa akijikuna hapo kwa miezi kadhaa.

Ndugu msomaji, fangasi ile ingetibiwa kwa tyubu moja ya krimu ya bei ndogo. Makala haya yanakusudia kukusaidia kutofautisha la kutibu nyumbani na lile ambalo kila saa inayopita ni hasara.

NGOZI NI UKUTA

Mwenyezi Mungu ameufunika mwili kwa ngozi kama ukuta wa nyumba. Juu ya ukuta huo wanaishi bakteria na fangasi wengi wasiotudhuru maadamu ukuta ni mzima. Ukipata mchubuko, ufa, kuumwa na mdudu au kujikuna hadi kutoka damu, ukuta umetoboka na wale walio nje wanaingia ndani. Kwa hiyo maradhi mengi makubwa ya ngozi huanza na dogo lililopuuzwa. Joto na jasho la miji yetu ya pwani, kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, huyazidisha, kwa kuwa fangasi hupenda unyevu.

UPELE

Upele husababishwa na mdudu mdogo sana anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Dalili yake kubwa ni muwasho unaozidi usiku. Tazama katikati ya vidole vya mikono, viwiko vya ndani, kwapani, kiunoni, matakoni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huonekana hata viganjani, nyayoni na kichwani. Ukiona zaidi ya mtu mmoja nyumbani anajikuna usiku, fikiria upele kwanza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, kwa hiyo asikuambie mtu kuwa ni jambo la mzaha.

Dawa ya miaka mingi katika zahanati zetu ni losheni ya BBE, yaani benzili benzoeti. Watu wazima hutumia ile ya asilimia 25, na watoto huzimuliwa kwa kipimo atakachokuelekeza mtaalamu, kwa sababu ile kali huwaunguza. Ipo pia krimu ya pemethrini ya asilimia 5, ambayo hupakwa, hukaa mwilini saa 8 hadi 14, kisha huogwa, na hurudiwa baada ya siku saba. Vipo na vidonge vya aivamektini, ambavyo havipewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15.

Wengi hutibiwa wasipone kwa sababu tatu. Kwanza, hupaka pale panapowasha tu. Dawa hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na sehemu za siri pia. Pili, hutibiwa mtoto mmoja wakati wenziwe wanaolala naye wameachwa. Nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyewashwa, kwa sababu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki mbili hadi sita kabla hajaanza kujikuna. Tatu, dawa huoshwa mapema. Hili linatugusa sisi tunaotawadha mara tano kwa siku. Ukipaka asubuhi, adhuhuri umeshaiosha mikononi na miguuni. Krimu ya pemethrini ipakwe baada ya sala ya Isha na iachwe mpaka Alfajiri, saa zitakuwa zimetimia. Ukilazimika kutawadha katikati, rudia kupaka sehemu ulizoosha.

Siku hiyohiyo fua nguo, mashuka na taulo kwa maji ya moto, anika juani, na upige pasi. Kisichofulika kifunge ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu au nne, kwani mdudu huyu hadumu mbali na mwili wa mtu. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa. Hiyo si sababu ya kupaka dawa kila siku.

Mtoto mwenye upele akijikuna hadi vidonda vikatunga usaha, apelekwe kituo cha afya. Baadhi ya bakteria wa vidonda hivyo, wiki chache baadaye, husababisha figo kuvimba. Ukiona uso wake umevimba asubuhi, hasa kuzunguka macho, au mkojo umekuwa mchache na wa rangi ya chai au soda nyeusi, mwahi hospitali siku hiyo.

CHOA NA MAPUNYE

Choa ni fangasi ya ngozi ya mwili. Huanza kama kipele kisha hupanuka kama pete, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamepoa. Krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Pakishasafika endelea wiki moja au mbili zaidi, kwani fangasi hubaki hata pale jicho lisipoona kitu.

Mapunye ni fangasi ya kichwa. Nywele hukatika na kuacha viraka vyenye magamba, na wakati mwingine kichwa huvimba na kutoa usaha. Hapa krimu peke yake haitoshi, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya mizizi ya nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, na hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Usimpake mafuta ya taa wala maji ya betri. Nimeona watoto waliopona mapunye wakabaki na makovu ya kuungua yasiyoota nywele maisha yao yote.

Walimu wa madrasa, hapa mna kazi. Mapunye huenda kwa kofia na mitandio ya kuazimana, kwa vitana, na kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Kila mtoto awe na kofia yake, na iwe inafuliwa.

Jihadhari pia na krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani kwa ahadi ya kutibu kila kitu. Nyingi zina dawa kali ya kupunguza muwasho, kama betamethazoni au klobetazoli. Muwasho hutulia siku mbili, mtu akafurahi, huku fangasi wanaenea chini kwa chini na ngozi inazidi kuwa nyembamba.

Neno moja la nyongeza: baka lililopauka au jekundu ambalo haliwashi, na ukiligusa kwa pamba hulihisi, huenda si fangasi. Huenda ni ukoma. Dawa za ukoma hutolewa bure na huponya kabisa, lakini zikicheleweshwa mishipa ya fahamu huharibika na ulemavu hubaki.

FANGASI YA VIDOLE VYA MIGUU

Hii ndiyo iliyoanza kwa ustadhi. Ngozi katikati ya vidole huwa nyeupe na laini, huwasha, hutoa harufu, kisha hupasuka. Hupenda zaidi nafasi ya kidole cha nne na cha tano kwa sababu ndipo palipobanana.

Udhu haukuleta maradhi haya. Tatizo ni kwamba tunaosha vizuri, kisha tunaingiza mguu wenye maji ndani ya soksi na kiatu kilichofungwa, na kuushindisha humo. Baada ya kuswali, au mara tu unapotaka kuvaa soksi, kausha katikati ya vidole kwa kitambaa chako mwenyewe. Soksi zibadilishwe kila siku. Viatu vipumzishwe juani.

Kamati za misikiti nazo ziangalie zile kandambili za chooni na penye kutawadhia zinazovaliwa na kila aingiaye. Zisuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila siku. Anayeweza aje na zake.

Tiba yake ni klotrimazoli asubuhi na usiku kwa wiki nne, kwenye ngozi iliyokauka. Mwenye kisukari asijitibu peke yake. Aonwe na mtaalamu.

VIDONDA VYA GAMBA NA MAJIPU

Vipo vidonda vinavyowapata sana watoto kuzunguka pua na mdomo. Huanza kama malengelenge madogo, yakapasuka, yakafunikwa na gamba la rangi ya asali. Huambukiza upesi. Lainisha gamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, liondoe polepole, kisha paka marhamu ya antibayotiki uliyoandikiwa. Vikiwa vingi, au mtoto ana homa, atahitaji dawa ya kumeza. Taulo yake iwe mbali na za wenzake, na kucha zake zikatwe. Kukata kucha ni katika sunna za maumbile, na hapa faida yake inaonekana wazi.

Jipu huanzia kwenye shina la nywele. Likande kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto ya kustahimilika, dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, mpaka liive na kupasuka lenyewe. Usilikamue. Jipu la puani, juu ya mdomo au karibu na jicho ni hatari zaidi, kwa sababu damu ya hapo ina njia ya kufika ndani ya kichwa. Hilo usilikande kwa kubahatisha, lionwe na tabibu. Jipu kubwa hupasuliwa kituoni kwa kifaa safi. Majipu yakirudi kila mara, pima sukari na ukubali pia kupima virusi vya Ukimwi. Kujua si aibu.

MGUU UNAOVIMBA GHAFLA

Sasa tumefika kwenye la kukimbilia. Bakteria wakipita ufa na kuingia chini ya ngozi, sehemu hiyo huvimba, hupata joto, huuma na kubadilika rangi, na mara nyingi huwa mguu mmoja. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Utaona weusi uliozidi, mng'ao kama ngozi imevutwa, au rangi ya zambarau. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako, linganisha joto la mguu huu na ule. Homa, baridi ya kutetemeka na mtoki kinenani huongeza uhakika.

Mgonjwa huyu anahitaji antibayotiki siku hiyohiyo. Kabla hujaondoka nyumbani, chukua kalamu ya wino uchore mstari kufuata ukingo wa uvimbe, na uandike saa. Mstari huo utamsaidia sana tabibu kujua ugonjwa unakwenda kasi gani. Mguu uinuliwe juu ya mto. Usichuliwe, usikandwe kwa nguvu, usichanjwe kwa wembe. Akishaanza dawa, amalize dozi hata akijisikia nafuu. Na baada ya siku mbili uvimbe ukiwa bado unasonga mbele, arudishwe.

Upo ugonjwa mkali kuliko huo, ambao bakteria huoza nyama ya chini ya ngozi kwa kasi ya saa, si ya siku. Alama yake ya mwanzo ni maumivu makali yasiyolingana na kinachoonekana. Mgonjwa analia, nawe ukitazama unaona uvimbe mdogo tu. Baadaye ngozi huwa ya kijivu, zambarau au nyeusi, hutoa malengelenge ya damu, na maumivu yanaweza kugeuka ganzi. Vidonge haviwezi kuutibu huu. Unahitaji dawa za mshipa na upasuaji wa haraka.

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kungoja kupambazuke ukiona lolote kati ya haya:

1. Uvimbe au weusi unaosambaa kwa saa chache.
2. Maumivu makali kuliko yanavyoonekana kwa macho.
3. Malengelenge ya damu, ngozi kuwa nyeusi au kufa ganzi, au kubofya pakatoa mlio kama wa hewa.
4. Homa kali pamoja na kuchanganyikiwa, kupumua haraka au kulegea.
5. Uvimbe wa kuzunguka jicho, hasa jicho likishindwa kufunguka au likiuma kulisogeza.
6. Maambukizi yoyote kwa mtoto mchanga, ikiwemo ngozi ya kuzunguka kitovu kuwa nyekundu au kutoa usaha.
7. Kidonda chochote cha mguu kwa mwenye kisukari.

Mkanda wa jeshi nao usicheleweshwe: malengelenge yenye maumivu ya kuunguza upande mmoja wa mwili. Dawa yake husaidia zaidi ikianza ndani ya siku tatu, na ukitokea karibu na jicho ni wa dharura.

KIDONDA NA IBADA

Wagonjwa wengi hufungua bandeji mara tano kwa siku ili maji yafike, na wengine huacha kuja kufungwa kidonda kwa kuogopa sala zao. Ndugu yangu, dini haikukutaka uangamie. Aya ya 6 ya Suratul Maidah imempa mgonjwa ruhusa ya kutayamamu. Na wanavyuoni wameeleza namna ya kupangusa kwa maji juu ya bandeji, ukaosha sehemu nzima zilizobaki. Katika madhehebu ya Shafii huongezwa tayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofungwa. Mimi ni tabibu, si mufti, kwa hiyo mpangilio wake kamili muulize sheikh wako. Langu ni kukwambia kuwa kidonda kinachololoweshwa mara tano kwa siku hakiponi.

Kadhalika, dada zetu wenye upele au majipu sehemu za siri wasifiche hadi wakaumia. Omba kuhudumiwa na mwanamke. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, nayo inajulikana.

Na kuhusu kusomewa, sipingi. Mgonjwa asomewe, aombewe dua, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na kutafuta dawa ni sehemu ya kumtegemea Allah (s.w.).

YAACHENI HAYA

Usimwagie kidonda unga wa vidonge vya rangi mbili. Hauui bakteria walio chini, nao hufanya gamba linalofunika usaha. Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe, kwani humo mna vijidudu vya pepopunda. Usinunue nusu dozi. Usimpe jirani dawa zilizobaki kwa kuwa kidonda chake kinafanana na chako. Kidonda kipya kioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, kisha ukifunike kwa kitambaa safi.

KAGUA MIGUU YAKO

Ustadhi anafundisha hadi leo. Anakaa kwenye kiti, gongo pembeni, na darasa la udhu bado ni lake. Kaongeza jambo moja. Mtoto akishapitisha kidole katikati ya vidole vya miguu, humwambia ainame atazame: pana ufa? Pana weupe? Pana kidonda? Kisha akaushe.

Nawe fanya hivyo. Mara tano kwa siku mkono wako unapita juu ya miguu yako, na macho nayo yapite. Mwenye kisukari huenda asihisi hata akichomwa na mwiba, kwa hiyo macho ndiyo yatakayomwambia. Asiyeona vizuri, mwanawe amtazamie. Na wazee wetu waliovuka miaka arobaini ambao hawajawahi kupima sukari, wapelekeni wiki hii. Tone moja la damu kidoleni linatosha.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na atujaalie afya njema. Wabillahi tawfiq.